Daystar ilikaa miaka thelathini bila digrii yake

Wasee, leo tuongee kuhusu jirani yetu. Daystar. Ukitoka Kitengela unashukia Athi River, unapanda matatu nyingine ya Mombasa Road, umefika. Wao wako Machakos, sisi Kajiado, lakini vumbi ni lilelile. Wengi mnakijua kama chuo cha watoto wa wenye nazo na cha watangazaji wa runinga. Mimi pia nilikijua hivyo, mpaka nikafuatilia kilitoka wapi.

Kwanza, hakikuanzia Kenya. Kilianzia Bulawayo mwaka wa 1964, katika nchi iliyoitwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Na hakikuwa chuo. Kilikuwa shirika la uchapishaji, Daystar Publications, lililoanzishwa na Motsoko Pheko, yule aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha PAC na mbunge Afrika Kusini. Baadaye wakaingia wamisionari Wamarekani, Donald Smith na mkewe Faye. (Hawana undugu na Ian Smith aliyekuwa akitawala huko, ni majina tu.) Kazi ikapanuka: si kuchapisha tu, bali kuchunguza kama ujumbe unamfikia Mwafrika anayeusoma, na kufundisha wengine kuuandaa. Yaani hawa watu walitengeneza maudhui kwanza, darasa likafuata. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kwa chumba.

Miaka ya 1970 wakahamia Nairobi. Hapo ndipo stori inanigusa, kwa sababu walikuwa na walimu na wanafunzi, lakini hawakuwa na ruhusa ya kutoa digrii. Wakaazima. Kwanza Chuo cha Wheaton, Illinois, kwa shahada ya pili. Halafu 1984, Chuo cha Messiah, Pennsylvania, kwa shahada ya kwanza. Unasomea Valley Road, unakula githeri ya Nairobi, cheti kinaandikwa jina la Marekani.

Sheria ya vyuo vikuu ya 1985 ndiyo ilifungulia vyuo vya kibinafsi njia ya kupata chata. Baraton walipata 1991, Wakatoliki wa Lang'ata 1992, Daystar 1994. Hesabu mwenyewe kutoka Bulawayo.

Karibu wakati huohuo wakajenga kampasi kubwa Athi River, kwa sababu Valley Road hakukuwa na pa kupanuka. Huku kulikuwa mbuga, nyumbu wakipita kutoka hifadhi ya Nairobi kwenda kusini. Lakini ranchi ya pamoja ya Kitengela ilikuwa imeshagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya EPZ vikaja, kisha ploti, ploti, ploti. Chuo kilikimbia mji na mji ukakifuata. Miti ya oltepesi iliyobaki sasa inafungiwa mabango ya "shamba linauzwa".

Ile kampasi ya mjini haikufungwa, na kwangu ndiyo muhimu zaidi. Kampasi ya mashambani ni ya mtu anayelipiwa aketi asome. Ya mjini inamfaa anayetoka kazini jioni akiwa amechoka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Haikuwa Daystar, na jina halina haja. Mathe husema bila karatasi mtu si mtu, na nilitaka historia hii inisaidie kumjibu. Inanisaidia nusu tu. Ni kweli walifundisha miaka mingi bila karatasi yao, na kazi ilikuwa kazi. Lakini pia hawakuacha kuitafuta. Waliazima ya watu hadi wakapata yao.

Sasa naomba kitu. Kama mzazi wako alisoma Valley Road miaka ya themanini na cheti chake kina jina la Messiah, muulize waajiri walimwambia nini siku ya kwanza alipokitoa kwa bahasha. Hiyo stori naitaka.