Kamĩrĩĩthũ: Nani Mwenye Wimbo?

Tunapoitaja Kamĩrĩĩthũ katika semina zetu, tunamtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, tunataja jela, basi hadithi imekwisha. Makala hii haikusudii kumpunguzia sifa marehemu huyo, aliyetutoka Mei 2025. Inauliza swali moja tu: wale walioimba walikuwa akina nani, na kwa nini sauti zao ziliitia dola kiwewe?

Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, ni kijiji kilichozaliwa na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, Waingereza walipowakusanya wakulima ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na watu wasio na kazi. Ngũgĩ na mwenziwe, Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakaombwa waandike mchezo kwa ajili ya kituo cha kijiji. Wakaandika Ngaahika Ndeenda, kwa Kigikuyu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mazoezi yalifanywa hadharani mwaka 1977, na kila mpita njia akawa mhakiki. Wazee walisahihisha lugha, vibarua wakasahihisha habari za kazi zao. Gĩtiiro, ule wimbo wa kujibizana wa harusi, ulichukuliwa neno kwa neno kinywani mwa mama mmoja wa kijijini asiyejua kusoma. Ukumbi usio na paa, wa watu wapatao 2,000, ukajengwa na wanakijiji wenyewe.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa.

Wapo watakaosema kwamba kosa lilikuwa maudhui: mkulima mnyonge na tajiri anayemnyang'anya kipande chake cha ardhi. Hoja hiyo haitoshi. Petals of Blood ilitoka mwaka huohuo ikiwa na ukali uleule, tena ikazinduliwa na Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa wakati huo! Tofauti ni kwamba riwaya ile ilikuwa ya Kiingereza, nayo husomwa na mtu mmoja chumbani. Wimbo huimbwa na kijiji kizima. Kitabu utakitaifisha, lakini wimbo uliokwisha kushikwa na watu utaupeleka jela gani?

Jibu la dola lilikuja baadaye. Februari 1982 kundi lilifika Nairobi na Maitũ Njugĩra, mchezo uliojaa nyimbo za makabila kadhaa ya Kenya, likakuta milango ya Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza imefungwa. Maelfu wakafuata mazoezi chuo kikuu, mpaka nayo yakakatazwa. Tarehe 12 Machi polisi wakaubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Jamani, mbao zilikuwa na kosa gani?

Mwaka huohuo ilitoka tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Wengi wetu tunaijua kwa njia hiyo, na tuseme kweli: tukifika penye wimbo tunaruka, tunatafuta "dhamira" ya kujibia mtihani. Kumbe tunachokiruka ndicho alichokileta yule mama. Mhakiki anayeusoma mchezo huu bila kuuliza nani aliuimba anaendeleza, bila kujua, kazi iliyoanzwa Machi 1982.