Kalenda Mbili za Mwalimu Mgeni Nchini Korea

Julai 1886 vijana watatu wa Kimarekani, Homer Hulbert, George Gilmore na Dalzell Bunker, waliwasili Korea kufundisha katika Yukyeong Gongwon, shule mpya ya Mfalme Gojong mjini Seoul. Wanafunzi wao walikuwa watoto wa wakubwa na maofisa vijana wa serikali. Mwaka huohuo Mary Scranton, mmisionari wa Kimethodisti, alifungua shule ya wasichana akiwa na mwanafunzi mmoja tu; hapo ndipo kilipochipuka Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha. Vitabu na barua za walimu wa aina hii, tangu wakati huo hadi leo, ni hazina kwa anayetaka kujua mila za Wakorea. Kasoro yake ni moja. Kila mmoja huandika juu ya desturi ya Wakorea kana kwamba ameikuta kama ilivyoachwa na mababu, ilhali alichokiona kilitegemea sana mwaka aliofika na nani alikuwa ameishika kalenda mwaka huo.

Hulbert na wenzake waliikuta nchi inayohesabu siku kwa mwandamo wa mwezi. Mwaka Mpya, Seollal, ulifungua majuma ya ibada za wahenga, ziara kwa wazee na michezo. Mchezo uliowashtua wageni kuliko yote ulikuwa mapigano ya mawe: wanaume wa mtaa mmoja na wa mtaa mwingine wakipambana nje ya kuta za mji kwa mawe na marungu, watazamaji wamejaa, na haikuwa ajabu mtu kuuawa. Huwezi kuuona tena leo. Hulbert alikuwa pia na sikio la muziki. Mwaka 1896 alichapisha nota za Arirang, wimbo aliousikia ukiimbwa kila mahali, na nota hizo ndizo za kwanza kujulikana za wimbo huo kwa mtindo wa Kimagharibi.

Kilichowafungulia milango ni cheo chao. Katika mafundisho ya Kikonfusio mfalme, mwalimu na baba walistahili heshima ya namna moja. Kwenye seodang, shule za kijiji, mtoto alipomaliza kitabu wazazi walipeleka keki za mchele na vyakula vingine kwa mwalimu, wakala pamoja na wanafunzi wenzake. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka mara moja sinia inayokwenda chuoni mtoto anapohitimu Kurani. Mgeni aliyekaa kwenye kiti hicho cha mwalimu alirithi sehemu ya heshima yake hata kama hakujua kusoma herufi moja ya Kichina.

Kisha kalenda ikabadilishwa. Kwa amri ya serikali, siku ya 17 ya mwezi wa 11 mwaka 1895 ikawa tarehe 1 Januari 1896. Siku mbili kabla ilikuwa imetoka amri ya wanaume kukata nywele zao za utosini, na amri ile ya nywele ndiyo iliyowasha hasira zaidi. Mwaka 1910 Japani iliimeza Korea kabisa, na watawala wapya wakaisukuma Januari mosi kuwa Mwaka Mpya wa kweli, ule wa mwezi ukiitwa wa kizamani. La kushangaza ni kwamba uhuru wa 1945 haukuirudisha Seollal. Serikali za Korea Kusini ziliendelea na mapumziko ya Januari. Wanakijiji wakaendelea na mwezi wao. Familia nyingine zilisherehekea mara mbili, jambo ambalo serikali ililiona kuwa ufujaji.

Ndiyo nchi waliyoikuta vijana wa Peace Corps, shirika la Marekani lililopeleka Korea watu zaidi ya 2,000 kati ya 1966 na 1981, wengi wao walimu wa Kiingereza katika shule za kati. Mmoja wao, Kathleen Stephens, alifundisha Yesan, mkoa wa Chungcheong Kusini, kuanzia 1975, na mwaka 2008 akarudi Seoul akiwa balozi wa nchi yake. Mwalimu wa miaka ile angeweza kukaa mwaka mzima bila kukutana na Seollal kwenye orodha ya sikukuu za taifa. Hata Siku ya Walimu, iliyowekwa tarehe 15 Mei mwaka 1965 kwa sababu ndiyo siku ya kuzaliwa ya Mfalme Sejong, muasisi wa alfabeti ya Kikorea, ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Ilirudishwa 1982.

Lakini orodha ya serikali haikufika uani. Asubuhi ya Seollal mgeni aliyekaribishwa nyumbani alifundishwa kupiga sebae: mwanamume huweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, mwanamke kinyume chake, kisha mtu anapiga magoti na kuinama mbele ya wazee wa nyumba. Mzee hujibu kwa maneno ya heri, na vijana hupewa fedha. Baadaye huja tteokguk, supu ya vipande vyembamba vyeupe vya keki ya mchele, na aliyeila alihesabiwa kuongeza mwaka mmoja wa umri. Hesabu hiyo ya umri imeondolewa katika sheria tangu Juni 2023. Supu yenyewe haijaguswa.

Serikali ilisalimu amri kidogo kidogo. Mwaka 1985 siku moja ya mwandamo ilikubaliwa kuwa mapumziko, kwa jina la Siku ya Mila za Watu, jina linaloonyesha wazi haya ya kutamka Seollal. Mwaka 1989 jina lilirudi, na mapumziko yakawa siku tatu. Kwa hiyo walimu walioletwa na EPIK, mpango wa serikali ulioanza 1995, waliikuta Seollal ikiwa na umri mdogo kuliko wao kwenye sheria, wakaielezea kama jambo la kale lisilotikisika. Siwalaumu, wenyeji wao nao walizungumza hivyohivyo.

Kwetu Afrika Mashariki mlango wa kwenda kufundisha Korea ni mwembamba. Viza ya kawaida ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba, na Afrika Kusini ndiyo pekee ya bara letu. Njia nyingine ni Kiswahili chenyewe, kinachofundishwa katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni tangu miaka ya 1980.

Anayefika leo ajue kwamba Chuseok, sikukuu ya mavuno, humwacha mgeni peke yake mjini, maana watu wamekwenda kwao kusafisha makaburi na kutengeneza songpyeon, keki za mchele za sikukuu hiyo. Danoje, tamasha la mji wa Gangneung lililoingia katika orodha ya UNESCO, ni kinyume: wakazi huchangia mchele wa kutengenezea pombe ya matambiko, kuna mieleka, bembea na ngoma ya vinyago isiyo na maneno, na kila mtu anaruhusiwa kutazama. Siku ya Walimu, kwa upande wake, imepungua. Tangu Septemba 2016 sheria ya kupinga rushwa inamzuia mwanafunzi kumpa mwalimu wake zawadi. Hata ua la karnesheni hutolewa na mwakilishi wa wanafunzi, hadharani.