Majani Tu

Bonde lililo nyuma ya kwetu Matai halina jina kwenye ramani yoyote niliyoiona. Mvua zikianza Novemba hujaa maji, zikikatika hubaki tope jeusi katikati na mchanga mweupe kingoni, na ikifika Agosti unalivuka kwa viatu vya kanisani bila kuvichafua. Mwaka huu mdogo wangu amechimba mfereji katikati yake ili apate bustani ya vitunguu. Simlaumu. Vitunguu vinalipa, na barabara ya Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga inapita hapa hapa. Nilimwomba jambo moja tu, asifike ukingo wa magharibi kabla sijamaliza kuandika.

Ninachoandika ni maelezo ya mmea mmoja. Umesimama kwenye mchanga ule wenye maji, urefu wake haufiki kiganja, na kichwani una maua mawili matatu ya njano ambayo mtu anayetafuta ng'ombe wake hawezi kuyaona. Nilichomoa mmoja nikampelekea bibi yangu, maana yeye ndiye kitabu chetu cha mimea. Anajua majani ya mboga na ya tumbo la mtoto, na anajua pia yale ambayo ng'ombe akila anavimba. Aliugeuza mara mbili mkononi, akaurudisha.

"Mume wangu, hayo ni majani tu."

Jibu hilo halikuwa la dharau. Kwa hesabu ya bibi, kitu hupewa jina kikiwa kinakusaidia au kinakudhuru, na hiki hakifanyi lolote kati ya hayo. Nafundisha baiolojia sekondari, kwa hiyo nilikuwa na lenzi ya mkononi nyumbani. Usiku ule niliuosha mmea kwenye sahani nyeupe, tope likatoka polepole, na chini, mahali ambapo mizizi ingepaswa kuwa, hapakuwa na mzizi hata mmoja. Palikuwa na nyuzi, na kwenye nyuzi zile vifuko vidogo mno vinavyong'aa kama mayai ya samaki.

Hapo nikajua jenasi yake, Utricularia. Aliyeipa jina hilo katika elimu ya mimea ni Carl Linnaeus wa Sweden, na jina linatokana na neno la Kilatini utriculus, yaani kifuko cha ngozi cha kubebea maji. Nilipolisoma nilicheka peke yangu. Sisi neno hilo tunalo tangu zamani, kiriba. Kila anayeandika Utricularia anaandika kiriba bila kujua, nami nimefundisha miaka kadhaa nikiwatajia wanafunzi neno la Kiingereza. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kwa Kiswahili inaitwaje?" Nikamwambia haina jina.

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walidhani viriba hivi ni maboya tu ya kuuelesha mmea majini. Mwaka 1875 Charles Darwin alitoa kitabu kuhusu mimea inayokula wadudu, akaonyesha kwamba viriba vinakamata viumbe hai. Lakini namna vinavyokamata hakuipata sawasawa: alidhani mdudu anasukuma mlango kwa kichwa chake na kuingia mwenyewe. Miaka hiyo hiyo, huko New Jersey, Mary Treat alikaa na hadubini yake akaona kwamba mdudu hajipeleki, anavutwa. Leo tunajua kwamba kiriba husukuma maji nje mpaka kuta zake zikabonyea kwa ndani, mlango ukiwa umefungwa, kisha hungoja. Kijidudu cha majini kikigusa vinywele vya mlangoni, mlango hufunguka, kuta hurudi mahali pake, na maji huingia pamoja na mgeni. Yote hayo huisha ndani ya muda ulio chini ya elfu moja ya sekunde. Mchanga wa bonde letu ni maskini wa naitrojeni, kama wakulima wote wanavyojua bila kuitaja naitrojeni, na mmea huu umepata njia yake ya kununua mbolea.

Ilibaki spishi. Wataalamu wengi wa jenasi hii wanamtegemea Peter Taylor wa Kew, Uingereza, aliyekusanya mimea kusini mwa Tanganyika katika miaka ya 1950, akaiandikia familia hii sehemu yake katika Flora of Tropical East Africa mwaka 1973, na mwaka 1989 akatoa kitabu kinene cha jenasi nzima, spishi 214. Kwa mmea wangu dalili kubwa ilikuwa vigamba vidogo kwenye shina la maua. Havikushikizwa kwa kitako, vilishikizwa katikati, kama ngao mkononi mwa askari. Ukijumlisha na ua la njano na mdomo wenye vipande vitatu, nilifika kwenye Utricularia subulata. Subula ni msharasi, ule wa fundi viatu. Kiriba cha msharasi.

Jina hilo ni la mwaka 1753, na Linnaeus alilitoa kwa mmea wa Virginia, Marekani. Maana yake ni kwamba majani tu ya bibi yangu yanaota pande zote mbili za Atlantiki, na yalipata jina lake upande ule, kwenye koloni lililolima tumbaku kwa mikono ya Waafrika waliouzwa. Simaanishi kwamba mmea ulisafiri nao. Nasema tu kwamba nikiliandika jina hilo kwenye daftari hapa Matai, mambo hayo hunijia.

Huku kwetu, historia ya kuandika mimea ina mashimo. Wajerumani waliitawala Ufipa kutoka Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, na mimea iliyokusanywa katika koloni lao ilipelekwa Berlin kwa Adolf Engler na wenzake. Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, nyumba ile ya mimea iliyokaushwa, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikateketea. Mmea uliochumwa Afrika Mashariki kwa amri ya vita moja ya ukoloni ukaungua katika vita nyingine.

Baada ya hapo alikuja Mary Richards. Alizaliwa mwaka 1885, akaanza kuikusanyia Kew mimea akiwa amepita miaka sitini, akikaa Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, ng'ambo ya mto Kalambo kutoka kwetu. Alivuka mpaka mara nyingi kuja Ufipa. Mji huo huo ulikuwa na makao ya shirika la kupambana na nzige wekundu, ambalo mtaalamu wake Desmond Vesey-FitzGerald alichunguza nyasi na mabonde ya Rukwa kwa sababu nzige huzaliana humo. Kwa hiyo ukisoma Flora, kitabu kilichoanza kutolewa 1952 na kukamilika 2012 kikiwa na spishi zaidi ya 12,000, unakutana na alama T4 na neno Ufipa, na mara nyingi pembeni yake jina Richards.

Nampenda mama huyu, nikiri. Lakini nimejiuliza sana ni nani walikuwa wakibeba ile mashine ya kubania mimea, ni nani waliojua bonde lipi lina maji mwezi gani. Sampuli zake kadhaa za baadaye, za kaskazini mwa Tanzania, zina jina la pili: Arasululu. Nilipoliona mara ya kwanza nilisimama. Jina moja tu, bila maelezo, lakini lipo, limeandikwa kwa wino pamoja na la bibi yule, na kila mtu anayeitaja sampuli hiyo duniani analazimika kulitaja. Wa Ufipa sijawaona.

Na kuna suala la lugha. Kuanzia 1935, spishi mpya ya mmea haikukubaliwa mpaka ielezwe kwa Kilatini. Tangu 2012 sheria imelegezwa: Kilatini au Kiingereza. Hizo mbili tu. Ungegundua mmea mpya kabisa nyuma ya nyumba yako Matai, ukauandika kwa Kiswahili fasaha chenye kurasa kumi, kisheria hujaandika kitu. Naelewa sababu, watu wa dunia nzima wanahitaji kusomana. Ila mmea wangu si mpya, jina lake limeshapita miaka 270, na hakuna sheria inayonizuia kuueleza kwa mara nyingine. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni na sahani yangu.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Ule mkia ulio chini ya ua, Waingereza wanauita kwa neno lile lile la mwiba wa mguu wa jogoo. Nikamuuliza bibi mwiba wa jogoo kwa Kiswahili ni nini, akataja kwanza la Kifipa, kisha akasema kikwaru, alilisikia kwa mwalimu mmoja kutoka pwani. Basi:

Mmea wa msimu mmoja. Hauna mizizi. Vitambazi vyembamba kuliko uzi wa kushonea, vimelala topeni. Majani machache, kama sindano, urefu sentimita moja. Viriba vingi, kila kimoja chini ya nusu milimita. Shina la maua moja, wima, kama waya, sentimita nane, sehemu ya juu inakwenda huku na huku kama njia ya mlevi. Vigamba vimeshikizwa katikati. Maua mawili hadi matano, ya njano, upana milimita sita; mdomo wa chini vipande vitatu; kikwaru kimelala chini ya mdomo huo na ncha yake inatazama mbele. Sepali mbili. Stameni mbili. Tunda la mviringo, sawa na punje ya ulezi. Ukingo wa bonde, Matai, mchanga wenye maji.

Niliisoma kwa sauti. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale pa viriba. Kisha akaitaka lenzi. Alifumba jicho moja, akakaa kimya muda mrefu, akauliza kama wanaonaswa mle wanakufa haraka.

Jumamosi mdogo wangu alifika na jembe. "Kaka, umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Mimea mitatu nimeikausha ndani ya magazeti, chini ya jiwe la kusagia, na kwenye kila karatasi nimeandika tarehe, mahali, na majina mawili, langu na la bibi. Alipima ukingo kwa hatua, akaangalia mteremko unapoelekea, akasema kama mvua za mwaka huu zitawahi, mfereji utapita pale pale.