Samaki wa jioni, kutoka Krete hadi Ngana (Sehemu ya 3)

 Ninyi akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata neno moja, nawaona.

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa hapa Ngana alinijia na simu mkononi. Alijifungua mwaka jana, presha ikamsumbua sana kwenye ujauzito, na bado tunamfuatilia. Ndugu yake wa mjini alikuwa amemtumia picha: kipande cha samaki wa pinki, limau limekatwa duara, nyanya ndogondogo, mafuta ya zeituni yanang'aa. Chini imeandikwa mlo wa Mediterania, kinga ya moyo. Chupa ya mafuta hayo alishaagiza kutoka Mbeya, kwa hela ambayo kwake ni mboga ya wiki nzima. Akaniuliza, "Nesi, mafuta nimepata. Sasa huyu samaki wa pinki nitampata wapi?"

Wakati anauliza, bodaboda wa usipa anapiga honi barabarani.

Sikumcheka. Nilimwambia dawa za presha aendelee nazo vilevile, maana chakula kizuri hakifuti dawa aliyoandikiwa. Halafu nikamsimulia huo mlo ulikotoka. Nawasimulia na ninyi, kwa sababu tukiujua mwanzo wake hatutauziwa tena kwa bei ya juu kitu ambacho kipo kwenye sufuria zetu.

Kuna kisiwa cha Ugiriki kinaitwa Krete. Wasomaji wa Biblia mnakijua, ndiko Paulo alikomwacha Tito. Vita Kuu ya Pili ilikipiga vibaya, Wajerumani wakakikalia tangu 1941. Vita ilipoisha, serikali ya Ugiriki ilitaka kujua namna ya kuwainua watu wake, na mwaka 1948 taasisi ya Rockefeller ya Marekani ikatuma wataalamu kuchunguza maisha ya kisiwani. Kiongozi wao aliitwa Leland Allbaugh. Waliingia kwenye nyumba za watu wakaangalia nini kinaliwa. Wakakuta mkate, maharage na dengu, majani ya porini, matunda, mafuta ya zeituni kwa wingi kwa sababu mizeituni ipo mlangoni, samaki kidogo, nyama mara chache.

Sasa sikilizeni. Watu wenyewe wa Krete hawakuwa wanakisifia chakula hicho. Wengi walisema hakiwatoshi, na walipoulizwa wanatamani nini zaidi, walitaja nyama! Yaani mlo unaouzwa leo kwenye vitabu vya bei mbaya ulikuwa mlo wa mwenye dhiki, aliyekula kilichokuwa karibu naye kwa sababu hakuwa na kingine.

Miaka michache baadaye akaja mtaalamu mwingine wa Marekani, Ancel Keys. Alishangaa kuona wafanyakazi wa kawaida wa Napoli, Italia, hawapati ugonjwa wa moyo kama matajiri wa kwao Marekani. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakaanza utafiti katika nchi 7: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Waliwafuatilia watu karibu 13,000 kwa miaka mingi. Mashariki ya Finland, kwenye siagi na maziwa mazito, moyo uliua wengi. Krete uliua wachache mno. Hapo ndipo jina la mlo wa Mediterania lilipopata heshima, na mwaka 2010 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Keys mwenyewe alihamia kijiji cha pwani ya kusini mwa Italia, akafariki 2004 akiwa na miaka 100.

Ila kuna jambo moja linanikera kila nikisoma habari hizi. Wale karibu 13,000 wote walikuwa wanaume, wa miaka 40 hadi 59. Mama aliyechuma yale majani na kupika yale maharage hakupimwa moyo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Turudi kwetu. Mwaka 1879 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa akaona migomba, ng'ombe na nyumba safi za Wanyakyusa. Uzuri wa nchi hii aliufananisha na Arkadia, ile nchi ya amani inayosifiwa na washairi. Na Arkadia iko wapi? Ugiriki! Kwa hiyo wa kwanza kutulinganisha na Wagiriki si mimi.

Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson waliishi huku wakiandika maisha ya Wanyakyusa. Walikuta ndizi na maziwa ndiyo chakula cha heshima, pamoja na maharage na mahindi. Mpunga ulikuwa unalimwa kwenye tambarare hii yetu kama zao la kuuza, kama kahawa kule milimani. Leo mchele wa Kyela unatajwa nchi nzima, na sisi tunaula tunavyoweza, mwingine unaondoka na lori.

Na samaki? Hapo lazima niwataje Wakisi wa mwambao wa milima ya Livingstone, kule Ikombe na Matema. Ardhi yao ya kulima ni finyu, mlima umeshuka moja kwa moja hadi majini. Wanaume wakawa wavuvi, wanawake wakawa wafinyanzi. Vyungu vyao vinapakiwa kwenye mitumbwi hadi mnadani Matema, na huko zamani vilibadilishwa kwa nafaka na ndizi za watu wa bara. Ukifikiria vizuri, mlo wetu wa jioni uliunganishwa na mikono ya wanawake wa makabila mawili: chungu na samaki kutoka mwambao, ndizi na maharage kutoka huku.

Mafuta yake ni mawese ya michikichi yetu, mekundu, yenye lishe ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Hapa niwe mkweli kama nesi: mawese si zeituni. Yana mafuta mazito mengi zaidi, hivyo mwenye presha au moyo atumie kijiko, asimwage. Alizeti ni nafuu kwake. Na mafuta yaliyokaangia mara tatu, yameshakuwa meusi, yamwageni jamani. Nyanya nazo zisiwatishe. Wataliano wanajivunia nyanya, lakini ilivuka bahari kutoka Marekani ya Kusini na Kati, kwao ni mgeni kama kwetu.

Basi vitu vyote tunavyo. Mbona nyanda zetu za juu kusini, zinazolisha nchi, kwa miaka mingi zina mikoa yenye udumavu mkubwa kuliko mingine? Kitaifa udumavu wa watoto chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa 2015/16, na asilimia 30 mwaka 2022. Umeshuka, ila ni karibu mtoto mmoja kwa kila watatu.

Sababu ni nyingi, nitaje ninazoziona mwenyewe. Mbasa, samaki aliyepanda mito ya Songwe, Kiwira na Lufilyo mvua zikijaa ili akatage, anakutana na nyavu zimeziba mdomo wa mto kabla hajataga. Bibi zetu walimla bila kufikiria, sisi tunamwona kwa sherehe. Usipa anavuliwa kwa taa usiku wa giza, anaanikwa, anafungwa kwenye viroba, safari. Anayebaki tunamwita mboga ya shida, tunamwonea aibu mgeni akija.

Na nyingine ndiyo ile niliyosema nitairudia. Samaki akiiva, nani anakula nini? Nimeona nyumba nyingi: baba anapewa mnofu, wageni wanapewa mnofu, watoto wanachovya mchuzi, na mama anayenyonyesha anafuta sufuria kwa ugali. Mchuzi una ladha, lakini protini imebaki kwenye samaki. Krete hawakumpima mama, na sisi tunampakulia mwisho.

Haya, tupike. Nampika perege, wewe tumia yeyote uliyempata leo. Muoshe, mpare magamba, mchane mbavuni mara mbili tatu. Mpake chumvi kidogo yenye madini joto, kitunguu saumu kilichotwangwa na limau, akae wakati unawasha moto. Kwenye sufuria pana, au chungu cha Kikisi kama bado unacho, weka kijiko kimoja au viwili vya mafuta, kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia nyanya nne au tano zilizoiva, ziache zipondeke zenyewe. Mlaze samaki juu ya nyanya, funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Usimgeuzegeuze, atavunjika. Ameiva pale nyama inapoachana na mfupa bila kulazimishwa. Kamulia limau tena mwishoni. Vile vidonge vya mchuzi viacheni dukani, vimejaa chumvi, na limau linatosha kabisa.

Wali au ndizi pembeni, na majani ya maboga au mchicha yaliyochemka kidogo tu.

Ukiwa na usipa mbichi ni vilevile, dakika 10 zinatosha, na analiwa mzima na mifupa yake, ndiyo kalsiamu yenyewe hiyo. Mtoto aliyefika miezi 6 mchambulie perege kwa vidole vyako, mwiba kwa mwiba, umponde na wali. Usipa mkavu muoshe mchanga utoke, mkaushe kwenye kikaango, msage awe unga, kijiko kimoja kwenye uji wakati unachemka.

Kabla ya kuita watu mezani, pakua sahani ya mtoto na sahani ya mama kwanza. Baba atakuta yake, hatalala njaa.

Yule dada alipika Jumapili, akanitumia picha: perege, nyanya, limau, wali wa Kyela. Nikamuuliza vipi kuhusu chupa ya zeituni. Anasema anapaka kwenye nywele.

Sehemu ya 4 ni Alhamisi: ndizi na maharage.