Moduli si Pingili: Maneno Mawili ya Reli Ndogo

Reli ya mfano iliyojengwa chumbani juu ya meza ya mita 4 haijengwi kwa ajili ya kuhama. Siku mwenyewe akibadilisha nyumba, meza haipiti mlangoni, na mara nyingi kinachofuata ni msumeno. Wapenzi wa fani hii waliochoshwa na msumeno wamejifunza kujenga njia yao vipande vipande: vyepesi, vya kubebwa na mtu mmoja au wawili, vya kupakiwa garini na kufungwa tena kwa bolti katika ukumbi mwingine.

Vipande hivyo ni vya aina mbili, na wajenzi wa Ujerumani, Uholanzi au Marekani hawavichanganyi. Aina ya kwanza ni reli moja iliyogawanywa ili ibebeke. Kipande cha pili kinaungana na cha kwanza na cha tatu tu; ukikipeleka kwingine, reli hazikutani. Aina ya pili hujitegemea. Ncha zake zimetengenezwa kwa vipimo vilivyokubaliwa na kundi zima, kwa hiyo huungana na kipande cha mtu ambaye mjenzi wake hajawahi kumwona. Mwandishi wa Kiswahili akiviita vyote “vipande”, tofauti hiyo inapotea, nayo ndiyo kiini cha jambo.

Kwa aina ya kwanza Kiswahili hakina haja ya kukopa, maana kina neno pingili. Muwa una mafundo, na baina ya fundo na fundo ndipo penye pingili. Ukate muwa, kisha ujaribu kuupanga upya: kila pingili ina jirani yake, na ya chini haikai vizuri juu. Reli iliyogawanywa kwa ajili ya kubebwa iko vivyo hivyo.

Aina ya pili ndiyo moduli. Asili yake ni Kilatini, modulus, yaani kipimo kidogo. Msanifu wa Kirumi Vitruvius, aliyeandika katika karne ya 1 KK, alilitumia kwa kipimo cha msingi ambacho sehemu nyingine za jengo zilikadiriwa kwacho. Wasemaji wa Kiswahili si wageni wa neno hili: limo katika miongozo ya mafunzo na katika mambo ya kompyuta, nalo hukaa katika ngeli ya I-ZI, moduli hii, moduli hizi. Anayependa neno la nyumbani anaweza kupendekeza tofali, kwa kuwa tofali lolote hukaa juu ya jingine, yote yakiwa yametoka kalibu moja. Lakini matofali hufanana mwili mzima. Moduli hulazimika kufanana nchani tu. Katikati kila mtu na lake: huyu stesheni, yule daraja, mwingine shamba la ngano na ng'ombe watatu.

Mapatano hayo ya nchani yana historia. Huko California, mwaka 1973, ulianza utaratibu wa Ntrak kwa reli za uwiano wa 1:160: njia tatu sambamba mbele ya kila moduli, na kimo cha inchi 40 kutoka sakafuni. Ulaya, chama cha FREMO kilianzishwa mwaka 1981, na wajenzi wake wa uwiano wa 1:87 huweka reli kwenye kimo cha milimita 1300. Hukodi kumbi za michezo, wakaunganisha moduli nyingi, kisha wakaendesha treni kwa ratiba, kila behewa likiwa na karatasi ya mzigo wake. Ila moduli ya Ntrak haiungani na ya FREMO. Kila moja ni moduli ndani ya mapatano yake tu.

Msomaji wa Tanzania analijua jambo hili kwa ukubwa wake halisi. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1000, na TAZARA, reli ya kwenda Zambia, milimita 1067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, lakini behewa haliwezi kuvuka, na huko Kidatu pamejengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Sasa gawa kwa 87, kwa ule uwiano wa 1:87. Reli ya Kati inakuwa milimita 11.5, TAZARA 12.3, na wajenzi wa reli ndogo hutumia njia ya milimita 12 kwa vipimo vyote viwili. Mezani, treni za reli zote mbili zinaweza kupita kwenye njia moja. Reli mpya ya SGR, yenye milimita 1435, inakuwa 16.5, upana ule ule unaotumiwa na wengi wa FREMO.

Wepesi nao una hesabu yake. Ubao wa plaiwudi wa milimita 18, wenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 60, hukaribia kilo 8. Bamba la povu gumu la ukubwa huo, nene sentimita 5, la aina inayowekwa kwenye kuta za Ulaya kuzuia baridi, ni kama kilo moja na robo. Kwa hiyo wengi hutengeneza fremu ya plaiwudi nyembamba, wakaitoboa matundu makubwa ili kupunguza uzito, na bamba la povu likawa ardhi. Mbao za nchani peke yake ndizo huachwa nene. Hutobolewa kwa kigezo kimoja, na reli huzifikia kwa pembe mraba, zikiwa zimelehemiwa kwenye skrubu za shaba ili zisisogee zikigongwa njiani.

Ukumbini, moduli mbili zikishasimama kwa miguu yake na pimamaji ikaridhika, bolti hukazwa nusu tu. Mjenzi hupitisha ukucha juu ya reli, polepole, kwenye maungio. Ukikwama, bolti hulegezwa, ubao hugongwa kidogo kwa kiganja, na ukucha hupita tena. Kisha husukumwa behewa moja tupu, bila kichwa cha treni, na watu wawili huinama kusikiliza.