Soni: Jina la ukoo wa wafua dhahabu na safari yake hadi Dar es Salaam

MTU anayepeleka bangili iliyokatika kwa sonara, iwe katika vyumba vidogo vya Kariakoo au katika maduka ya Kisutu na Mtaa wa Indira Gandhi, hutamka neno ambalo kwa watu wengine ni jina la ukoo. Sonara si neno la Kibantu wala la Kiarabu. Ni neno lililovuka bahari kutoka India, na ndugu yake wa karibu kabisa ni Soni, jina ambalo jijini Dar es Salaam halisikiki mara kwa mara kama Patel au Shah, lakini lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Maneno hayo mawili yana shina moja, nalo ni dhahabu. Katika Kisanskriti dhahabu huitwa suvarna, yaani yenye rangi njema, na mtengenezaji wake ni suvarnakara. Kadiri karne zilivyopita neno hilo refu lilipunguzwa na ndimi za watu likawa sonar au sunar katika lugha za kaskazini mwa India. Kwa Kigujarati dhahabu ni sonu, na mfua dhahabu ni soni. Waswahili wa pwani walichukua umbo la sonar, wakaliongezea irabu mwishoni kama desturi ya lugha yao inavyodai, likawa sonara, wingi masonara.

Haina maana kwamba kabla ya hapo pwani haikuwa na kazi hiyo. Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala muda mrefu kabla Ibn Battuta hajaitembelea mwaka 1331, na Kiswahili kilikuwa na maneno yake: mhunzi, mfua fedha, mfua dhahabu. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Kitenzi kufua hutumika kwa chuma na kwa nguo pia, kwa kuwa kazi zote mbili zilikuwa za kupigapiga. Wanaofua kwa malipo mjini, mmoja nguo na mwingine dhahabu, wote wamepewa majina ya Kihindi: dobi, kutoka dhobi, na sonara. Na kama ilivyo kwa Soni, Dhobi nalo huko India ni jina la jamii nzima ya watu.

Kiini cha jina la Soni kipo magharibi mwa India, hususan Gujarat na Rajasthan. Wafua dhahabu wa huko hawakuwa kundi moja. Wapo Soni wa Shrimali, wanaohusisha asili yao na mji wa kale wa Shrimal, ambao leo ni Bhinmal katika Rajasthan. Wapo pia Soni wa Parajiya na wengineo. Kwa mtu wa nje wote ni Soni. Kwao wenyewe, tofauti hizo ziliamua nani ataoa wapi na nani atakula kwa nani.

Waliofika Afrika Mashariki walitoka zaidi Kutch na rasi ya Kathiawar, sehemu zenye bandari za Mandvi, Jamnagar na Porbandar. Majahazi yaliondoka huko wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, na kurejea kwa upepo wa kusi. Abiria wa kwanza walikuwa wafanyabiashara. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, jamii ya Wahindi kisiwani ilikua haraka, na penye familia palihitajika mafundi: seremala, mshonaji, kinyozi, mfua dhahabu. Binti wa Kihindi hakuolewa bila dhahabu, na wanawake wa Kiarabu na Kiswahili nao walipenda vipuli, vikuku na kipini cha puani. Sonara hakuja kutafuta dhahabu Afrika. Alikuja kuifuata shingo na mikono ya wateja wake.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, ikadorora alipofariki mwaka 1870, kisha ikainuka mwaka 1891 Wajerumani walipoifanya makao makuu badala ya Bagamoyo. Maduka ya Wahindi yakajaa katika eneo lililokuja kuitwa Uhindini, kati ya bandari na uwanja wa Mnazi Mmoja. Ng'ambo ya uwanja huo ndiko ulikokua mji wa Waafrika.

Katika kipindi hicho cha Wajerumani ndipo kazi ya sonara inapoeleweka vizuri zaidi, na sababu ni sarafu. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia yake ya fedha, yenye uzito uleule wa rupia ya India, gramu 11.66. Uzito huo haukuwa wa kubahatisha. Ndio tola moja, kipimo ambacho masonara wa India walikitumia kupimia dhahabu na fedha. Kwa hiyo rupia moja mkononi mwa sonara ilikuwa vitu vitatu kwa pamoja. Ilikuwa malipo. Ilikuwa jiwe la mizani. Na ikilazimu, ilikuwa malighafi, kwa kuwa mteja aliyetaka kikuku cha fedha aliweza kuleta rupia zake zikayeyushwa.

Awali rupia hiyo ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani wakaigawa katika heller 100. Mtanzania anayesema leo kwamba hana hela anaitaja senti hiyo ya Mjerumani, na anayesema hana pesa anaitaja ile ya Kihindi iliyoitangulia. Hali ya mfuko ni ileile.

Wajerumani wenyewe hawakuwa wageni wa majina ya kazi. Robert Koch, daktari maarufu aliyefanya utafiti wa magonjwa Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa na jina lenye maana ya mpishi. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alibeba jina la msimamizi wa shamba la bwana. Na jina linalolingana kabisa na Soni kwa Kijerumani lipo: Goldschmidt. Tofauti ni kwamba Koch hakutarajiwa kupika. Katika India ya wakati huo, mtoto wa Soni alitarajiwa kukaa mbele ya tanuru la baba yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jina hili. Soni si jina la kazi tu, ni jina la tabaka. Lilimpa mwenye nalo njia ya kupata chakula na imani ya wateja, kwa kuwa dhahabu hukabidhiwa mtu anayejulikana anakotoka. Wakati huohuo lilimwekea mpaka katika ndoa na katika matumaini. Ndiyo maana wapo waliolishika kwa fahari na wapo walioliacha, wakachagua jina la babu au la kijiji. Mtafiti wa nasaba anayefuata jina peke yake hupotea hapo.

Hupotea pia kwa upande wa pili, kwa kuwa si kila Soni ni wa ukoo wa wafua dhahabu wa Gujarat. Huko Punjab, Soni ni mojawapo ya koo za jamii ya Khatri, watu waliojulikana zaidi kwa biashara na ukarani. Familia mbili zenye jina hilo, zikikaa ghorofa moja katikati ya jiji, huenda hazina babu wa pamoja hata kidogo. Katika madai ya mirathi au maombi ya uraia wa nchi ya mababu, kulingana kwa jina hakuthibitishi undugu. Kinachohitajika ni jina la baba, la babu na la kijiji.

Kwa Watanzania yapo pia mafanano ya bahati tu. Soni, mji mdogo ulio njiani kutoka Mombo kwenda Lushoto, hauna uhusiano wowote na Wahindi. Wala kampuni ya Sony ya Japani, iliyojichagulia jina hilo mwaka 1958 kutokana na neno la Kilatini la sauti na neno la Kiingereza la kumwita kijana.

Ukiacha Soni yenyewe, biashara ya dhahabu ilizaa familia nzima ya majina, na baadhi yana ndugu zao katika Kiswahili. Zaveri au Jhaveri ni mfanyabiashara wa vito, kutoka neno la Kiarabu lililotupa sisi johari. Shroff na Saraf ni mbadili fedha. Shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa sarafu. Choksi na Parekh walikuwa wapimaji, watu wa kuamua kama dhahabu ni safi. Kazi yao ilifanywa kwa jiwe jeusi: kipande cha dhahabu husuguliwa juu yake kiache mstari, kisha hudondoshewa tindikali, na rangi inayobaki hulinganishwa na mstari wa dhahabu inayojulikana. Kwa njia hiyo hutenganishwa karati 22, yenye sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, na karati 18 ambayo robo yake ni madini mengine.

Mengine hayahusu dhahabu. Lokhandwala ni muuza chuma. Mistry ni fundi, neno ambalo Wahindi nao walilipata kwa Wareno. Gandhi, jina lililo kwenye kibao cha mtaa wetu, asili yake ni muuza manukato na viungo. Bepari, neno ambalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitosha kumharibia mtu sifa, kwa Kigujarati lilikuwa mchuuzi tu. Lakini si kila jina la Kihindi ni la kazi. Karimjee limetokana na jina la mtu, na Bulsara, jina la familia ya mwanamuziki Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ni la mji wa Bulsar, sasa Valsad.

Kwa nini basi hatuna ukoo wa kina Sonara miongoni mwa Waswahili? Jibu lipo katika desturi ya majina. Mtoto wa pwani huitwa jina lake, la baba yake na la babu yake; kazi ya baba haimo. Mwana wa sonara Juma ni bin Juma. Hata hivyo kuna majina ya kazi na vyeo yaliyoganda yakawa ya ukoo: Akida, Karani, Fundi, Jumbe, Nahodha. Hayo mawili ya mwisho yamefika Ikulu na Baraza la Mawaziri Zanzibar, kwa Aboud Jumbe aliyekuwa Rais kuanzia mwaka 1972 hadi 1984, na Shamsi Vuai Nahodha aliyekuwa Waziri Kiongozi kati ya mwaka 2000 na 2010.

Kutawanyika kwa pili kwa jina la Soni kulianzia huku huku Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi Sh100,000, na familia nyingi za Kihindi za Uhindini zikafunga mizigo. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Wengi walielekea Uingereza na Kanada. Barabara ya Belgrave mjini Leicester, iliyojaa maduka ya vito, ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka Kampala, Nairobi na miji mingine ya ukanda huu. Hivyo Soni anayeishi London leo huenda babu yake alizaliwa Kutch na baba yake akazaliwa Dar es Salaam, na nyumbani neno la Kiswahili bado linawatoka katikati ya sentensi ya Kigujarati.

Waliobaki jijini waliendelea, lakini jina na kazi vikaanza kuachana. Watoto walisoma uhasibu, udaktari na sheria. Wakati huohuo vijana wa Kiafrika waliojifunza kama wasaidizi, wakipuliza moto na kung'arisha pete, walifungua meza zao wenyewe, hasa Kariakoo. Tola ikaachia nafasi gramu, na mizani ya sahani mbili ikaachia nafasi ile ya kielektroniki. Dhahabu nayo ikabadili njia: mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2019 yakaanzishwa masoko rasmi ya madini mikoani ili mchimbaji mdogo asiuze gizani.

Kariakoo yenyewe ni jina la kazi. Limetokana na kikosi cha wapagazi wa Jeshi la Uingereza, waliopiga kambi hapo baada ya Wajerumani kuondolewa mjini mwaka 1916. Wapagazi hao walikuwa Waafrika, na jina la kikosi likaanguka juu ya ardhi badala ya koo zao. Leo, katika mitaa hiyohiyo, mwenye kibao cha sonara mlangoni huenda ni Mbondei, Mmakonde au Mpemba. Mteja hamuulizi ukoo. Humuuliza karati, na bei ya gramu.