Nyumba ya Msonge

Leo tutazungumza juu ya nyumba ya msonge ya Wachagga wa Kilimanjaro. Paa lake la nyasi au majani makavu ya mgomba lilishuka toka kileleni hadi karibu na ardhi, likamwaga mvua upesi. Ndani, watu walilala pamoja na ng'ombe na mbuzi. Joto la moto na la wanyama lilizuia baridi ya mlima, na samadi ilirutubisha migomba.

Siku hizi twajenga kwa matofali na bati. Huko Marangu ipo nyumba ya msonge ya maonyesho. Lakini kuiona si kujua kuijenga. Basi, ninyi mliokwisha kujua kuandika, mwendeeni mzee ajuaye, mwulizeni fito zilifungwaje, mkayaandike maneno yake.